Nilichoka Kuigiza Ombaomba, Ndiyo Maana Nasema Aende Chuo

Binti wa kaka yangu amemaliza kidato cha nne, na tangu matokeo yatoke nyumbani kwao Nkuhungu hakukaliki. Yeye anataka kuwa mwigizaji. Baba yake anataka uuguzi. Mwezi uliopita wakaniita mimi shangazi niende nikaamue, nadhani kwa sababu katika ukoo wetu ni mimi peke yangu niliyewahi kuonekana kwenye televisheni, japo kwa dakika mbili, nikiwa nimeshika kopo.

Hilo kopo lina habari yake.

Nilianzia kanisani kama wengi wetu hapa Dodoma. Igizo la Pasaka, mimi ni mmoja wa wanawake wa kaburini, sina neno hata moja la kusema. Baadaye nikaingia kikundi cha sanaa shirikishi, vile vikundi ambavyo mashirika huvichukua kwenda vijijini Chamwino, Bahi na Kongwa kuigiza kuhusu ndoa za utotoni, vyoo na chanjo. Posho ilikuwa ya kununulia sabuni. Lakini tulicheza chini ya mbuyu, jua la saa nane, bila kipaza sauti, mbuzi wakikatiza katikati ya sini. Mzee aliyepita njia akielekea kilabuni, ukimfanya asimame asikilize mpaka mwisho, basi kitu unacho. Nilijiona ninacho. Nikaenda Dar es Salaam.

Usaili wa kwanza, nimefungua mdomo tu, dairekta akacheka: "Wewe wa Dodoma, eh?" Nikapewa ombaomba. Kazi ya pili, ombaomba tena, safari hii na mtoto mgongoni. Kazi ya tatu nikapewa msichana wa kazi za ndani, nikashukuru Mungu, kumbe mbele ya hadithi anafukuzwa na kuishia barabarani na kopo. Utani kuhusu sisi Wagogo wa Dodoma na kuomba kila Mtanzania anaujua, na mtani akinitania nacheka naye, namrudishia. Kuufanya ndiyo kazi yangu ya maisha ndiyo ilinishinda.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule dairekta. Siku hizi simlaumu sana. Lokesheni, pale filamu inapopigwa, ni mahali pa gharama: kamera ya kukodi, jenereta linakunywa mafuta, watu ishirini wanasubiri wali, na nyumba mliyoazima mwenyewe anaitaka kabla ya magharibi. Hapo hakuna wa kukufundisha. Unachukuliwa kwa kile ulichokuja nacho, yaani sura yako, lafudhi yako, unene wako. Ukiwa mnene utakuwa mama mwenye nyumba mpaka uzeeke. Kesho wakikuita tena watakuita kwa kilekile, kwa sababu wameshaona kinafanya kazi.

Chuoni ni kinyume. Unapewa usichokuwa nacho. Nilipokwenda chuo cha sanaa Bagamoyo kwa mafunzo nikiwa tayari mtu mzima, zoezi la kwanza nililopewa lilikuwa la mwanamume tajiri anayemfukuza mpangaji. Nilikuwa mbaya, mbaya kabisa. Darasa lilicheka mpaka machozi. Nikarudia kesho yake, na keshokutwa, na hakuna aliyepoteza hata shilingi kwa ubovu wangu. Tangu nianze kuigiza hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuruhusiwa kukosea.

Sasa najua nitakachojibiwa, maana binti yetu alinijibu hivyohivyo: "Shangazi, Kanumba alisoma chuo gani?"

Marehemu Steven Kanumba, nyota wa filamu aliyetuacha Aprili 2012, alipita kikundi cha maigizo cha Kaole Sanaa Group. Mwigizaji Ray alipita humo, mwenzake Lulu aliingia akiwa bado mtoto. Watu wanataja Kaole kama vile ni kituo cha basi, mtu alishuka tu akawa nyota. Wanasahau kwamba kikundi kile kilikuwa na tamthilia za kila wiki ITV, na ili uwe na kitu cha kuonyesha kila wiki lazima mfanye mazoezi wiki nzima, wakubwa wakiwatazama wadogo. Hicho ni chuo, tofauti hakikuwa na mahafali. Mchekeshaji Mzee Majuto naye alianza jukwaani akiwa mdogo, akachekesha watu wa mbele yake kwa miaka mingi kabla kamera haijamjua. Ukinionyesha leo kikundi cha namna hiyo hapa Dodoma, chenye mazoezi ya kila siku na mtu mzima wa kukwambia "rudia", sitamtuma mtoto popote. Vikundi tulivyonavyo vinakutana shirika likipiga simu.

Na sisi Wagogo tunajua kufundishwa bila cheti. Mwanamuziki Hukwe Zawose, mtoto wa kijiji cha Doduma, hakupata zeze na ilimba, ala zetu za muziki, darasani, alizipata kwa wazazi na malishoni. Baadaye ni yeye aliyeishi Bagamoyo na kurithisha wengine. Bibi yangu aliponifundisha muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, nilikuwa nikikosa pigo ananifinya paja, haneni kitu, mkono wake mwingine unaendelea na ngoma. Nilikosa nikajua papo hapo. Ninachotafuta kwa huyu mtoto ni hiyo finyo. Huko mtaani anapopigwa picha na marafiki zake kwa simu, wanamwambia "umeua" kila siku.

Sisemi vyuo havina matatizo. Nimekutana na wahitimu wanaoweza kukuchambulia tamthilia saa nzima lakini ukiwaweka mbele ya watu sauti haifiki mstari wa tatu. Cheti hakikupi nafasi; kwenye usaili wa tamthilia za chaneli kama Sinema Zetu au Maisha Magic Bongo sijawahi kusikia mtu akiulizwa alipata daraja gani. Kaka yangu kaniuliza swali la haki kabisa: akimaliza nani atamwajiri? Nikamwambia hakuna. Atajitafutia. Ila mtaala mpya wa shule ulioanza 2024 una mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na sanaa imo, kwa hiyo walimu watahitajika, na mwenye kikundi cha mtaani tu, bila cheti, hataingia darasani kufundisha. Kaka akanyamaza. Neno "mwalimu" linamtuliza.

Njia zenyewe si nyingi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, inapokea wa kidato cha nne, na ukienda kwa ajili ya uigizaji utakutana pia na ngoma, muziki na sarakasi, jambo ambalo wengi hulilalamikia na mimi nalipenda, kwa sababu mwili wa mwigizaji ukiwa mgumu hata uso hauwezi kusema kitu. Kwa wa kidato cha sita kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kuna shahada ya sanaa za maonyesho na filamu. Safari siyo kisingizio tena. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kufika Dodoma Julai 2024, asubuhi uko Makulu hapa Dodoma, mchana uko Dar.

Njia ninayoikataa ni ile aliyokuwa ameipanga kimyakimya: kwenda kukaa kwa rafiki Tandale, Dar es Salaam, "kutafuta koneksheni". Nimeipita. Kuna wanaokuuzia fomu ya usaili usio na filamu, na kuna wanaotaka malipo ambayo msichana wa miaka kumi na minane hapaswi kuulizwa. Aliyejifunza kazi anaweza kusema hapana akaenda mlango mwingine. Asiye na kitu zaidi ya sura yake anauona mlango mmoja tu.

Jumamosi nilimwambia aje kwangu anionyeshe kitu. Nikamkataza kuigiza msichana. Akachagua babu anayegombea mpaka wa shamba la zabibu. Nikamsimamisha sentensi ya kwanza: babu gani ananyooka mgongo hivyo? Akarudia. Nikamsimamisha. Akarudia. Mara ya tisa akakasirika, akavua kofia ya baba yake akaitupa kwenye kochi, akaniuliza kama na huko chuoni watamfanyia hivi.

Nikamwambia huko wanaanza saa mbili asubuhi.

Akaiokota kofia.