Je, Kiwango Kikubwa cha Mibofyo Kinahatarisha Akaunti ya Mchapishaji?

Miongoni mwa wachapishaji, yaani wamiliki wa tovuti wanaotegemea mapato ya matangazo, kuna imani iliyoota mizizi kwamba kiwango cha mibofyo kikivuka asilimia fulani, ambayo wengine huitaja kuwa tano na wengine kumi, akaunti huwa imeanza kuchungulia kaburi. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi, maana wapo waliofungiwa akaunti muda mfupi baada ya takwimu zao kupanda ghafla. Lakini jambo moja kutangulia jingine si ushahidi kwamba ndilo lililolizaa.

Tuitazame kwanza hesabu yenyewe. Kiwango cha mibofyo ni idadi ya mibofyo ikigawanywa kwa mara ambazo tangazo limeonyeshwa. Tangazo lililoonyeshwa mara 20 na kubofywa mara 3 lina asilimia 15, na halithibitishi chochote, kwa kuwa msomaji mmoja tu asingebofya, kiwango kingekuwa 10. Asilimia 15 hiyohiyo katika maonyesho 20,000 ni mibofyo 3,000, na hapo swali huwa zito. Hata hivyo, Google, iliyozindua mwaka 2003 AdSense, huduma yake ya kuweka matangazo kwenye tovuti za watu wengine na kuwalipa wenye tovuti hizo, haijatangaza asilimia ambayo mchapishaji akiivuka ataadhibiwa. Sera zake zinahoji chanzo cha mibofyo: mwenye tovuti kubofya matangazo yake mwenyewe, kuwahimiza wasomaji wabofye, kutumia programu za kubofya, au kuyapanga matangazo hata yakadhaniwa kuwa menyu au kitufe cha kupakulia faili.

Zaidi ya hayo, zipo kurasa zinazostahili kiwango kikubwa. Mtu aliyetoka kwenye injini ya utafutaji akisaka programu ya kurejesha mafaili yaliyofutika, akakuta makala fupi na tangazo moja la programu ya aina hiyo, ana kila sababu ya kulibofya, tofauti na msomaji wa habari anayerudi kila siku na ambaye macho yake yameshazoea kuyaruka matangazo. Watetezi wa hoja hii huongeza kwamba kampuni ya matangazo nayo hupata mgawo wake katika kila mbofyo halali, hivyo haina faida ya kuadhibu mafanikio.

Hoja hiyo ina uzito, ila inamsahau anayelipa. Mwaka 2006 Google ilikubali mapatano ya hadi dola milioni 90 ili kumaliza kesi ya pamoja iliyofunguliwa katika jimbo la Arkansas, Marekani, na wenye matangazo waliolalamikia kutozwa kwa mibofyo ya udanganyifu. Mwenye tangazo hapimi mibofyo pekee, bali hupima pia wangapi walionunua au kujiandikisha baada ya kubofya. Mibofyo 3,000 isiyomletea mteja hata mmoja humpa sababu ya kudai fedha zake, na deni hilo hurudi kwa mchapishaji.

Nionavyo mimi, sehemu ngumu zaidi ni ile ya mibofyo isiyo na nia mbaya wala nia yoyote. Kwenye simu, tangazo linalochelewa kupakia husukuma maandishi chini wakati kidole kiko njiani kugusa kiungo, na msomaji mwaminifu kabisa hujikuta kwenye tovuti asiyoikusudia. Mchapishaji anaona kiwango kimepanda na anafurahi. Mfumo unaona wageni wanaotoka sekunde ileile waliyoingia. Hakuna aliyedanganya, lakini mibofyo hiyo ni batili, na mwenye tovuti ndiye anayewajibika kwayo, kama anavyowajibika kwa wageni wa bei rahisi alionunua bila kujua kuwa ni roboti, yaani programu zinazojifanya watu.

Ni kweli pia kwamba adhabu haianzii kwenye kufungiwa. Mibofyo mingi batili huchujwa au kukatwa kwenye mapato, akaunti isiguswe. Kuna kuwekewa kikomo cha maonyesho ya matangazo, kuna kusimamishwa kwa muda, na kufungiwa moja kwa moja ndiko kunakobaki kuwa hatua kali zaidi. Wala uamuzi wa AdSense, uliotangazwa Novemba 2023, wa kuwalipa wachapishaji kwa maonyesho badala ya mibofyo haukuondoa tatizo, kwani maonyesho nayo hughushiwa.

Kwa hiyo kinachomweka mchapishaji hatarini si ukubwa wa kiwango bali kutojua kilichokikuza. Kiwango kikipanda ghafla, takwimu zinapaswa kuchambuliwa kwa ukurasa, kwa nchi na kwa aina ya kifaa. Ikiwa ongezeko limejikusanya kwenye ukurasa mmoja na kwenye simu pekee, tangazo lihamishwe. Ikiwa linatoka kwenye chanzo kisichoeleweka, matangazo yaondolewe kwa muda na kampuni ijulishwe kabla haijauliza. Rufaa ya akaunti iliyofungwa humtaka mchapishaji aeleze wageni wake walitoka wapi, na aliyehifadhi kumbukumbu za seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuandika kila anayeitembelea, atakuwa na la kuandika.