Kabla ya kuuliza kasi, uliza ndege inalala wapi

Tangu niipeleke familia Kigoma kutoa mahari kwa ndege ya kukodi, simu yangu imegeuka ofisi. Kila mwenye watu saba au wanane wa kusafirisha kutoka hapa Dodoma anapiga na swali lile lile: ndege ipi ina kasi? Nami namrudishia swali: hiyo ndege inalala wapi?

Tuelewane kwanza, siongelei safari ya Dar. Tangu 2024 treni ya SGR inatushusha Dar kwa saa tatu na nusu hivi, na kukodi ndege kwenda kule, kama huna mgonjwa, ni kutafuta sifa. Naongelea Ruaha, Katavi, Mahale, Kigoma. Kule ambako ukienda kwa gari unafika huna hata hamu ya kushuka.

Ukiomba bei utaletewa moja kati ya tatu: Cessna Grand Caravan, Pilatus PC-12 au King Air. Zote ni za propela inayozungushwa na injini ya tabaini, zinakunywa mafuta yale yale ya ndege za jeti, na zote zinatumia injini za ukoo mmoja, PT6 za Pratt & Whitney Canada. Tofauti ni kwamba King Air inazo mbili.

Hapo ndipo Mjomba alipotia guu. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake Area C, bahasha ya mahari iko mezani. "Mpwa wangu," akasema, "injini moja ikizima juu ya Tabora, tunasimama pembeni tufungue boneti?"

Watu wakacheka, lakini hoja yake si ya kubeza. Nikamwambia, Mjomba, hii ikizima inateleza kama mwewe mpaka rubani apate pa kuilaza, na madaktari wanaoruka wa Australia wanabeba wagonjwa kwenye PC-12 yenye injini moja miaka yote hii. Hakuridhika, ila alipoona bei ya King Air akasema basi, tumwachie Mungu.

Kwa hiyo tukachukua Caravan, kwa kuwa bei yake ya saa moja ndiyo ilikuwa ndogo. Hilo kosa ni langu, sina wa kumsingizia.

Caravan inakwenda kama kilomita 300 kwa saa. PC-12 inavuka 500, na King Air 350 inafika kwenye 550. Dodoma hadi Kigoma, kwa mstari wa angani, ni karibu kilomita 690. Sisi tulikaa hewani saa mbili na dakika ishirini na tano, bila choo, na wazee watatu ndani. Na kwa sababu Caravan haina mgandamizo wa hewa, yaani haishindilii hewa ndani ili abiria wapumue vizuri kule juu, rubani hawezi kukupeleka juu sana ya mawingu. Unapita humo humo kwenye msukosuko. PC-12 inao, inapanda hadi futi 30,000, mnakaa kama mko sebuleni, na zile kilomita inazimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Cha kuchekesha, kwa safari hiyo nzima inachoma mafuta kidogo kuliko Caravan, maana inawahi kufika. Bei yake ya saa iko juu kwa kuwa ndege yenyewe ni ghali kununua.

Lakini kilichotuumiza ni karatasi. Makadirio tuliyopewa yalionyesha saa za Dodoma–Kigoma–Dodoma tu. Ndege ilikuwa inalala Dar. Ankara ya mwisho ikaja na saa moja na dakika ishirini za kuja tupu, nyingine kama hizo za kurudi tupu, malazi ya rubani na ushuru wa kutua. Yaani katika saa saba na nusu tulizolipia, zaidi ya theluthi moja viti vilikuwa vimebeba hewa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba "huo ndio utaratibu". Utaratibu ungeandikwa mapema, Shangazi asingeuza mbuzi wawili.

Sasa chukua Ruaha. Kutoka hapa hadi kiwanja cha Msembe ni kama kilomita 190 tu. Caravan dakika 45, PC-12 dakika 30. Robo saa hiyo hailipiwi mamilioni. Tena Caravan ina bawa juu ya dirisha, kwa hiyo mnaposhuka kuelekea mto Ruaha Mkuu mnaona tembo kabla magurudumu hayajagusa vumbi. King Air bawa liko chini, linakuziba, na propela zake ziko karibu na kokoto. Mimi kwa kiwanja cha changarawe siipendi, hata nikilipiwa. PC-12 nayo ina bawa chini, ila ilijengwa ikijua vumbi.

Kingine ambacho watu wa hapa tunasahau: uwanja wetu uko zaidi ya futi 3,600 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi na ndege inaruka kana kwamba iko juu ya futi 6,000. Hewa nyepesi inaibeba kwa shida, ndiyo maana mnapimwa uzito. Shangazi alikataa katakata kutaja kilo zake mbele ya mashemeji; akamnong'oneza rubani sikioni, rubani akaandika bila kuinua uso, akamkalisha mbele. Mizigo ni kilo 15 kwa mtu, tena mfuko laini. Ondokeni saa moja asubuhi, ndege inabeba vizuri na hamtikiswi sana.

Naulizwa pia kuhusu Msalato, ule uwanja mpya wa ndege nje ya mji. Njia ya kurukia ya kilomita 3.6 ni ya madege makubwa. Caravan iliyojaa haimalizi nusu ya lami tuliyonayo sasa. Mimi nasubiri siku ambayo mtu ataweka Caravan mbili na PC-12 moja zilale hapa hapa. Siku hiyo Ruaha itakuwa safari ya mwisho wa wiki kwa kikundi cha watu kumi wanaochangishana. Kabla ya hapo, pigia kampuni uulize ni lini ndege yao inapita huku kwa kazi nyingine, mpange tarehe zenu kwa kuifuata. Mwezi uliopita jirani alifanya hivyo, saa za kuja tupu zikafutwa.

Wakati wa kurudi wakwe walitupa madumu mawili ya mawese na furushi la migebuka. Rubani alitazama madumu, akatazama viti, akatikisa kichwa. Migebuka ilipanda. Mawese yalibaki kwa shemeji, yakatufikia baada ya siku tisa, kwa treni ya zamani.