Penseli ya nyapara

Kwenye baraza tunalokaa baada ya alasiri huku Ngamiani, mjini Tanga, mwalimu mmoja mstaafu aliyenisomesha fasihi alisema juzi kwamba riwaya za wanyonge kupambana na kampuni zimemchosha. Kwake ni mikutano ya hadhara iliyotiwa jalada. Tajiri lazima awe na kitambi, mfanyakazi lazima awe mwema tangu ukurasa wa kwanza, kisha anazuka kijana mwenye maneno makali, watu wanagoma, kitabu kinafungwa. Wenzetu waliitikia. Nilinyamaza kwa sababu ni mwalimu wangu, lakini tangu siku ile neno hilo halijanitoka.

Hoja yake ina uzito, na hakuiokota njiani. Amekulia kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza. Aliyaona mashamba hayo yakiwa na uhai, akayaona yakifa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika 30,000. Nyuzi za viwandani zilivunja bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, zikanyamaza moja baada ya nyingine na nyika ikarudi. Mtu aliyeona hayo akisoma riwaya inayokwisha kwa tajiri kufukuzwa, lazima aulize: je, asubuhi yake watu walikula nini? Mwandishi asiyelijibu swali hilo amesimulia nusu.

Kuna na dosari nyingine ambayo mimi mwenyewe naikubali, nayo ni ushindi wa bure. Hakimu anasoma hukumu, kampuni inalipa, ngoma inapigwa. Aliyewahi kufuatilia kesi ya shamba anajua nauli za kwenda na kurudi, shauri kuahirishwa, faili kutoonekana, shahidi kufariki. Riwaya inayomaliza haya kwa kurasa mbili inamkosea msomaji, hasa yule ambaye kesho yake atakwenda kudai haki yake kweli.

Hata hivyo nadhani Mwalimu anatazama mwisho wa vitabu hivi kuliko tumbo la vitabu vyenyewe. Chukua kipande, kadi ya manamba, vibarua wa mkataba waliokuja mashamba ya Tanga kutoka Kigoma, Songea na hata Burundi. Kadi ilikuwa ya siku 30 za kazi. Siku ilitiwa alama pale tu mtu alipomaliza kiasi alichopangiwa. Ukikata majani ukapungukiwa kidogo, siku haikuandikwa. Umeamka alfajiri, miiba imekuchoma, jua limekuchwea shambani, lakini kwenye kadi siku hiyo haikuwahi kuwapo. Ndiyo maana kadi ya siku 30 iliweza kula mwezi na nusu wa maisha ya mtu.

Mwanahistoria atayaandika hayo kwa sentensi mbili na kuendelea na safari yake. Riwaya inaweza kubaki hapo. Inaweza kumfuata mtu yule kambini jioni, imsikie akimwambia mwenzake kwamba leo imekwenda bure, imwonyeshe nyapara mwenye penseli, ambaye naye ana watoto na ana bwana wake wa kumwogopa. Tena inaweza kukaa na dakika ile mtu anapoomba, kwa heshima zote, aonyeshwe daftari. Mgomo ukishatoka barabarani huonekana mkubwa, wa bendera na nyimbo. Mwanzo wake mara nyingi ni ombi dogo kama hilo na woga wa anayeliomba. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda katika riwaya hizi, na sijui aina nyingine ya maandishi inayoifanya vizuri zaidi. Shafi Adam Shafi aliifanya katika *Kuli*, iliyotoka mwaka 1979, kwa Rashidi na makuli wa bandari ya Unguja waliogoma mwaka 1948. Zipo kurasa ambamo wahusika wanahutubiana, nakubali. Lakini ni jasho la bandarini linalobaki kichwani.

Tena jambo hili la kusimulia watu na kampuni hatukuliazima. Mwaka 1888 waliokuja kutwaa forodha za Mrima, pwani yetu hii, walikuja kwa jina la kampuni, ile ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, wakiwa na mkataba wa Sultani wa Unguja. Moto ukawaka Pangani. Kampuni ilipozidiwa, Berlin ikamtuma ofisa wake Wissmann na askari wake, na Desemba 1889 Abushiri, aliyeongoza upinzani huo, akanyongwa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa huku kwetu Tanga, alitunga utenzi wa vita hivyo. Utenzi huo haukubuniwa kama riwaya, lakini unasimulia watu na kampuni, na hauwapi watu wake ushindi ambao hawakuupata. Mwalimu alitusomesha utenzi huo kwa mapenzi makubwa, na hakuuita mkutano wa hadhara hata siku moja.

Leo bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, ng'ambo tu ya mji. Barazani tunagawanyika. Wapo wanaohesabu ajira na vyumba vya kupangisha, wapo wanaohofia bahari na mashamba, na wengi wamo pande zote mbili ndani ya nyumba moja. Ningependa kuisoma riwaya ya nyumba hiyo: mama ambaye mthamini amepita kuhesabu minazi yake, na mwanawe wa kumzaa anavaa kofia ngumu kila asubuhi kwenda kwenye kazi ileile. Mwalimu anaamini mwandishi yeyote atakimbilia kumpa mama haki yote na kijana aibu yote. Mimi naamini yupo atakayewakalisha wawili hao mkekani usiku, karatasi ya uthamini katikati, mama asiyejua kusoma akimwomba mwanawe arudie hesabu ya minazi, polepole, kuanzia ule wa kisimani.