Duka dogo la mtandaoni na ukurasa wa kwanza wa Google

Shangazi yangu anauza viungo Ngamiani, Tanga: iliki na pilipili manga za Muheza, mdalasini, uzile, tangawizi ya unga. Wateja wake wa mikoani wamekuwa wakimpata kwa WhatsApp. Mwaka jana alitengenezewa tovuti, na haikupita muda kijana mmoja akampigia simu: alipe kila mwezi, naye atampandisha ukurasa wa kwanza wa Google. Shangazi akaniuliza, alipe au aachane naye?

Kazi anayoinadi kijana yule wenyewe huiita SEO, yaani kuitengeneza tovuti ili mtu anayetafuta kitu Google aikute mapema. Wapo wanaoiona ndiyo roho ya biashara ya mtandaoni, na wapo wanaosema kwa duka dogo ni hela ya kutupa.

Hao wa pili wana hoja nzito. Biashara ndogo kwetu inatembea kwa kuaminiana. Mteja anaona picha Instagram, anamuuliza jirani aliyewahi kuagiza, anatuma pesa kwa simu, mzigo unapanda basi la jioni. Google haimo popote katika safari hiyo. Halafu kuna kusubiri. Maile Ohye, akiwa mfanyakazi wa Google, alisema mwaka 2017 kwamba mara nyingi huchukua miezi 4 hadi mwaka mzima kufanya marekebisho na kuanza kuona faida. Anayelipa kodi ya fremu kila mwezi ataumia akiweka mtaji wake mahali pa kungojea hivyo. Na kanuni za Google za kupanga tovuti hazitulii: mwaka 2011 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Panda, 2012 yakaja ya Penguin, na baada ya hapo mengine mengi. Kila mara kuna tovuti zilizolala juu zikaamka chini. Tangu Mei 2024, ilipoanzia Marekani, Google huweka jibu lililotungwa na akili mnemba juu ya orodha, kwa hiyo anayeuliza namna ya kupika pilau anaweza kusoma jibu na kuondoka bila kufungua tovuti ya mtu yeyote.

Hata hivyo, mimi siko upande wao moja kwa moja. Mtu anayeandika kwenye simu yake "iliki kilo moja bei gani" tayari anataka iliki. Hukumkatiza akiangalia picha za harusi, amekuja mwenyewe. Picha uliyoweka Instagram leo itafunikwa kesho, wakati ukurasa mzuri wa bidhaa unaendelea kupokea wageni hata ukiwa umelala. Tena, tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika pamoja kwa takriban saa 6, kwa sababu vyote ni vya kampuni moja. Aliyekuwa na duka huko tu hakuwa na duka siku hiyo.

Lakini lililonibadilisha mawazo zaidi ni jambo la lugha. Tulikaa na shangazi tukafungua Search Console, huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti maneno waliyoyaandika watu mpaka kurasa zake zikatokea. Ukurasa wake mkuu ulikuwa na kichwa "Viungo Bora kwa Bei Nafuu". Katika orodha ile, maneno yaliyojirudia yalikuwa ya watu wanaotafuta dawa ya maumivu ya viungo. Wenye magoti yanayouma walikuwa wakiletewa duka la mdalasini, wakapita zao. Fundi aliyeandika kichwa kile hakukosea Kiswahili, ila hakumfikiria anayetafuta.

Tukaenda kwenye uzile. Shangazi anauita hivyo, na Unguja na Pemba wataelewa. Bara wengi watasema binzari nyembamba, na wapo wanaosema jira. Dukani hilo si tatizo: mteja anataja jina analolijua, mkono wa shangazi unakwenda kwenye kopo lilelile. Kwenye tovuti kopo lilikuwa na jina moja tu. Tukaandika upya: "Uzile (binzari nyembamba, jira) wa pilau, gramu 100". Chini yake shangazi akaniambia maneno nami nikayaandika kama alivyoyasema: namna ya kuukaanga kidogo bila mafuta kabla ya kuutwanga, na namna ya kuutofautisha na shamari, ambayo ni nene na ina utamu kwenye ulimi. Kazi ile ilituchukua alasiri moja, na hiyo ndiyo SEO ninayoiamini. Anayeshindania neno la Kiingereza la iliki anapambana na wauzaji wa dunia nzima. Kurasa za Kiswahili zinazoeleza bidhaa vizuri bado ni chache mno, na duka dogo lina nafasi huko ambayo haitakuwa wazi siku zote.

Sasa yule kijana. Nilimpigia nikamuuliza atafanya nini hasa. Alisema atayarudia maneno "viungo vya pilau" mara nyingi kila ukurasa, atajaza orodha ya maneno muhimu ndani ya msimbo wa tovuti, pale mgeni asipopaona, na atanunua linki za kuelekeza watu kwa shangazi kwenye tovuti mia kadhaa. Kurudiarudia maneno Google inakuhesabu kuwa ni ulaghai. Orodha ile ya siri, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Na linki za kununua ndizo zilizolitia aibu duka kubwa la Marekani, JCPenney. Februari 2011 gazeti la The New York Times lilieleza jinsi linki nyingi zilizopandikizwa kwenye tovuti zisizohusiana nalo zilivyolipandisha hadi kileleni kwa maneno kama magauni na matandiko. Google ikalishusha ndani ya siku chache. Duka la ukubwa ule lilikuwa na njia nyingine za kupata wateja. Shangazi angebaki na deni.

Nikamwambia asilipe. Wapo mafundi wa kweli wa kazi hii, na tovuti yenye bidhaa mia kadhaa inaweza kumhitaji mmoja, lakini anayekuahidi nafasi ya kwanza anaahidi kisicho chake. Yaliyobaki ni madogo. Picha za iliki zilikuwa zimetoka kwenye kamera bila kupunguzwa, zikawa nzito kwa simu ya bando dogo, tukazipunguza. Fremu ya Ngamiani tukaiandikisha kwenye ramani ya Google, bure, pamoja na saa za kufungua.

Tuliposhindana ni kwenye bei. Mimi nilitaka kila bidhaa iwe na bei yake, maana anayetafuta bei akikuta "njoo inbox" anarudi nyuma na kufungua duka la pili. Shangazi akasema pilipili manga hupanda na kushuka kwa msimu, na wauzaji wenzake watamchungulia. Amekubali kuweka bei ya pakiti za gramu 100. Ya jumla bado anataka aulizwe kwa simu, kwa sababu anayechukua gunia hupewa bei kulingana na anakokwenda na atakavyolipa, na hapo nadhani yuko sahihi.