Senti Tisa za AIG

Katika mjadala wa malipo ya wakubwa wa makampuni kuna hesabu moja inayopenda kutolewa ili kuwanyamazisha wanaolalamika, nayo ni ya kampuni ya bima ya AIG ya Marekani. Serikali iliiokoa kampuni hiyo Septemba 2008, kwanza kwa mkopo wa dola bilioni 85, kisha ahadi za fedha za umma zikapanda hadi takriban dola bilioni 182. Machi 2009 ikajulikana kwamba imewalipa watu wapatao 400 wa kitengo chake kiitwacho AIG Financial Products bonasi za dola milioni 165. Nchi ikachafuka. Watetezi wa malipo hayo wakaleta hesabu yao: gawanya milioni 165 kwa bilioni 182, jibu ni kama senti tisa katika kila shilingi mia. Je, taifa lililo katikati ya mdororo linafaa kugombania senti tisa?

Hesabu ni sahihi. Ninayoitilia shaka ni dhana iliyofichwa ndani yake, kwamba waliokasirika ama hawakujua kugawanya ama walikuwa na kijicho tu.

Tuanze na namna watu hao walivyokuwa wakilipwa kabla ya mambo kuharibika. Mfikirie mtu anayeuza bima ya moto katika mtaa mmoja wa nyumba za makuti zilizobanana. Kila mwezi anapokea ada, na kwa kuwa hakuna nyumba iliyoungua, kila Desemba anaziita ada hizo faida, anakata fungu lake na kwenda nalo nyumbani, bila kuweka akiba ya maana kwa ajili ya siku ya moto. Siku jiko la mkaa litakapopinduka haitaungua nyumba moja, utaungua mtaa. Kitengo hicho kiliuza kinga ya namna hiyo kwa hati fungani za makumi ya mabilioni ya dola zilizotegemea mikopo ya nyumba, na takriban asilimia 30 ya faida yake ikageuzwa malipo ya wafanyakazi. Mkuu wake, Joseph Cassano, alipokea kiasi cha dola milioni 280 katika miaka minane, na alipoondolewa mapema mwaka 2008 akaendelea kulipwa dola milioni moja kwa mwezi kama mshauri. Ada zilihesabiwa mwaka uleule zilipoingia, ilhali hasara ilisubiri miaka, na ilipokuja aliyeilipa alikuwa mtu mwingine.

Ni kweli kwamba sehemu ya malipo yao ilikuwa ikizuiwa ndani ya kampuni ili wao pia waumie hasara ikitokea. Lakini hapo ndipo mkataba wa bonasi hizo, zilizoitwa bonasi za kubaki kazini, unapotia shaka zaidi. Ulitiwa saini mapema mwaka 2008, wakati hasara zilipokuwa zimeanza kuonekana na fedha hizo zilizozuiwa zikielekea kuyeyuka, nao ukawahakikishia malipo yaliyopimwa kwa kipato chao cha 2007, kitengo kipate faida au kipate hasara. Yaani breki ilipoanza kushika, ikakatwa.

Upande wa pili una hoja ambazo si za kupuuzwa. Serikali inayovunja mikataba halali kwa sababu umma umekasirika inamtisha kila anayetaka kuweka saini na serikali hiyo kesho. Tena wengi waliobaki ofisini Machi 2009 hawakuuza kinga hizo. Walikuwa mafundi wa kufumua mikataba iliyokuwa na thamani ya karatasi, yaani jumla ya viwango vilivyoandikwa ndani yake na si fedha taslimu, ya dola trilioni 2.7, na walikuwa wameipunguza hadi takriban trilioni 1.6. Fundi anayejua udhaifu wa kila mkataba akihamia kwa mshindani anaweza kuutumia ujuzi huo dhidi ya kampuni aliyoiacha, na hasara ya hapo ingepita milioni 165 kwa mbali. Edward Liddy, aliyeletwa na serikali kuiongoza AIG kwa mshahara wa dola moja kwa mwaka, aliliambia Bunge kwamba malipo hayo hayampendezi, ila kutoyalipa kungekuwa hatari zaidi.

Hoja hiyo ya ufundi ingesimama vizuri kama orodha ya waliolipwa ingekubaliana nayo. Andrew Cuomo, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, alibaini kwamba watu 73 walipata zaidi ya dola milioni moja kila mmoja, na kwamba 11 kati yao walikuwa wameshaacha kazi. Mmoja wa hao alichukua milioni 4.6. Ilikuwa bonasi ya kubaki kazini!

Hoja ya utakatifu wa mkataba nayo ingesikika vizuri zaidi kama isingekuwa na ubaguzi. Desemba 2008, serikali ilipozikopesha General Motors na Chrysler dola bilioni 17.4, miongoni mwa masharti ilikuwa kwamba malipo ya wafanyakazi yashuke hadi kulingana na yale ya viwanda vya Wajapani vilivyoko Marekani. Chama cha wafanyakazi wa magari kikarudi mezani na kukubali kupunguziwa kile ambacho mkataba wake ulikuwa umeshakipa. Fundi wa gari wa Detroit aliambiwa kwamba mkataba hujadiliwa upya kampuni inapozama, na miezi mitatu baadaye akaambiwa kwamba mkataba ni mkataba. Sioni kijicho katika hasira yake.

Iko pia mada pana, kama pengo la kipato lenyewe huleta migogoro ya uchumi. Fungu la asilimia moja ya Wamarekani wenye kipato cha juu lilikaribia robo ya kipato chote mwaka 1928, kisha tena mwaka 2007. Mchumi Raghuram Rajan alidai kwamba wanasiasa walilegeza mikopo ili kuwatuliza watu ambao mishahara yao ilikuwa imedumaa. Wachumi wengine wanajibu kwamba mikopo imefura pia mahali ambapo pengo halikukua. Sitaamua kati yao hapa, kwa kuwa kisa cha AIG hakihitaji nadharia hiyo.

Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 328 dhidi ya 93 kodi ya asilimia 90 kwa bonasi za namna hiyo. Ulikuwa muswada mbovu, uliolenga watu badala ya mfumo, na Seneti ilifanya vyema kuuacha ufe. Baadhi ya waliolipwa wakarudisha fedha zao, na mwishoni mwa 2012 Hazina ikauza hisa zake za mwisho katika AIG, serikali kwa ujumla ikiwa na ziada ya dola bilioni 22.7. Kazi ya kurekebisha mfumo iliachiwa sheria ya 2010 ya kusimamia sekta ya fedha, ambayo kifungu chake cha 956 kiliagiza taasisi za usimamizi zitunge kanuni ya kuzuia malipo yanayowachochea watumishi wa mabenki kujitosa kwenye hatari. Muda wake ulikuwa miezi tisa. Mwaka 2024 baadhi ya taasisi hizo zilikuwa bado zinatoa rasimu.