Mzee Ojwang bado anatuita sebuleni

Kijijini kwetu Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, ilianzia nje ya nyumba. Mmoja wetu alitoka kuzungusha mlingoti wa antena, na waliobaki ndani wakampigia kelele: "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Runinga ilikuwa moja, ikitumia betri ya gari, na majirani walikuwa wameshajaa mkekani. Mzee Ojwang akianza tu kuvutana na mkewe, Mama Kayai, nyanya alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso.

Leo vipande vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, kipindi cha kesi za kuchekesha, vimo YouTube, na waliovitazama utotoni wanawatafutia watoto wao. Wengi wanasema wanapenda usafi wake: hakuna matusi, hakuna anayelazimika kukimbilia rimoti mkwe akiwa ameketi hapo. Ni kweli. Lakini mimi naona ufundi ndio uliotushika. Vioja ilikuwa na chumba cha mahakama tu, kwa hiyo kila kitu kilitegemea ulimi. Mshtakiwa aliulizwa swali dogo, akajibu kwa hadithi ndefu, na kadiri alivyojitetea ndivyo alivyojifunga mwenyewe. Mtoto alichekea lafudhi. Mtu mzima alimwona jirani yake anayekwepa deni.

Wasiovutiwa na sifa hizi wana hoja nzito. Hadi kituo cha KTN kilipoanza mwaka 1990, runinga ya serikali, VoK (Sauti ya Kenya) iliyokuja kuitwa KBC, haikuwa na mshindani. Tulipenda tulichopewa. Tena ungesubiri sana kumwona mkubwa wa serikali akichekwa humo. Sehemu ya usafi ule ilikuwa kunyamaza.

Na hizo lafudhi? Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang, alikuwa Mkikuyu akiigiza Mjaluo. Watetezi husema hapo ndipo Wakenya walipotaniana bila chuki, nami nilisadiki hivyo kwa miaka mingi. Sasa nasadiki nusu tu. Shuleni kwetu wapo waliokoma kunyoosha mkono darasani kwa sababu kila wakizungumza wenzao waliwaiga kama walivyosikia kwenye runinga. Utani wa watani unahitaji pande mbili, na wao hawakuwa na pa kujibia.

Hata hivyo sikubali kwamba mapenzi yetu ni kumbukumbu za utotoni tu. Wanjau alipopungukiwa na nuru ya macho uzeeni, Wakenya walimchangia pesa za matibabu, na alipofariki Julai 2015 alililiwa kama babu wa kila nyumba. Inauma kwamba msanii aliyependwa hivyo alihitaji mchango. Lakini watu hawamchangii mtu kwa sababu tu zamani kulikuwa na kituo kimoja.

Juzi nilimfungulia mpwa wangu wa miaka tisa kipande kimoja kwenye simu. Alicheka, akakisimamisha, akauliza kwa nini yule mzee anazungumza vile. Kabla sijapata jibu, alikuwa ameshainuka kwenda kumwita nyanya yake aje atazame naye.