Daftari la Mzee Halina Muhuri

Alhamisi iliyopita nilitoka kwenye kikao cha tathmini ya fedha za maandalizi ya maafa nikashindwa hata kwenda kituoni. Nilikaa chini ya mwarobaini nje ya ukumbi, na naandika haya kwa sababu hasira yangu bado haijapoa.

Mzee mmoja, mwenyekiti wa kijiji kilicho kando ya korongo, alikuwa amesimama mbele yetu ameshika kofia kwa mikono miwili. Kijana wa mezani, umri wa mjukuu wake, alikuwa anamsomea barua. Kijiji chake hakitapata fedha za mwaka huu kwa sababu marejesho ya mwaka jana, yaani hesabu na risiti za matumizi, hayajakamilika. Yalitakiwa tarehe 15 Februari, yakafika tarehe 3 Machi. Risiti tatu hazikuwa za EFD, ile mashine ya risiti ya mamlaka ya kodi. Muhtasari wa kikao cha kamati haukugongwa muhuri wa kata. Picha zilitakiwa za kabla na baada, yeye akaleta za baada tu.

Mzee akasema, "Mwanangu, tarehe 15 Februari tulikuwa shuleni na watu. Maji yalikuwa yameingia kitongoji cha chini."

Kijana akamjibu kwa adabu, sikatai. "Nakuelewa mzee wangu. Lakini mfumo hauna sehemu ya kuandika hilo."

Mzee akavaa kofia yake, akaketi. Ukumbi mzima tukaendelea na ajenda namba nne.

Nilikuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka sita kabla ya kuhamia mjini. Fomu hizi nimezijaza, nimezirudishiwa, nimezipeleka wilayani kwa bodaboda zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni zisiloe. Kwa hiyo siongei ya kusikia.

Wasomaji wa huku Dodoma mnajua mvua yetu ilivyo. Wenzetu wa Pwani na Kaskazini wana vuli na wana masika. Sisi tuna msimu mmoja. Ukianza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ni huohuo mpaka Aprili. Kwa mwaka mzima tunapata milimita 550 hadi 600 hivi, na kwa uchache huo watu wa mbali wanadhani Dodoma haina mafuriko. Lakini ardhi imekaa jua tupu miezi saba, imekuwa ngumu kama sakafu. Mvua ikishuka kwa mkupuo maji hayazami, yote yanakimbilia korongo. Korongo ambalo Oktoba watoto wanachezea mpira, Januari linabeba ng'ombe mzima. Waulizeni watu wa Gulwe na Godegode kule Mpwapwa. Mvua za mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 ziling'oa tuta la Reli ya Kati baina ya Gulwe na Kilosa, treni zikasimama kwa miezi. Mto Kinyasungwe ni uleule ambao wakati wa kiangazi unauvuka bila kulowa kifundo cha mguu.

Sasa iwekeni kalenda hiyo kando ya kalenda ya ofisi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Julai unaambiwa fungu halijafunguliwa. Agosti inakuja barua ya kuandika upya andiko la mahitaji kwa muundo mpya. Septemba andiko linarudi kwa sababu bei hazina nukuu tatu. Oktoba unatafuta nukuu tatu za viroba mahali penye duka moja. Novemba kikao cha kuidhinisha kinakosa akidi. Desemba watu wako likizo. Fedha zinaingia Januari, na korongo limeshajaa mara mbili.

Halafu zikishaingia, saa ya marejesho inaanza kuhesabu siku hiyohiyo. Ripoti ya mwezi, ripoti ya robo mwaka, na kila moja ina viambatisho. Yaani katika miezi ile ambayo mwenyekiti, mtendaji na mgambo wanatakiwa kuwa macho usiku, ndiyo miezi wanayotakiwa kuwa mjini wakitafuta muhuri. Mwaka wangu wa tatu kazini nililala wilayani usiku mbili kwa ajili ya sahihi moja, na usiku wa pili mvua kubwa ikanyesha kijijini. Namba zote za simu za wenye nyumba za chini zilikuwa kwenye simu yangu, na simu yangu ilikuwa imezima chaji kwenye nyumba ya wageni. Hakuna aliyekufa. Lakini nyumba mbili za tembe zilianguka. Aliyewahi kuishi kwenye tembe anajua paa la udongo linavyokunywa maji: linaanza kudondosha vumbi, kisha tope jembamba, kisha boriti inalia. Kutoka ile boriti kulia mpaka paa kushuka hupati muda wa kutafuta viatu. Mama mmoja alitoka na watoto wawili na sufuria. Nilimkuta asubuhi bado ameishika ile sufuria.

Kujiandaa na maafa ni jambo la dakika. Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang liliwafikia watu Jumapili asubuhi na zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Ni jirani zetu wale, ukitoka Singida ni barabara hiyohiyo ya kwenda Babati. Kila mmoja wetu aliyeziona picha zile alisema "tungejiandaa". Basi kujiandaa kwenyewe ndiko huku, na fedha zake ndizo hizi zinazofika mvua ikiwa katikati.

Nirudi kwa yule mzee, maana kuna kitu alinionyesha baada ya kikao.

Tulikaa pamoja chini ya mwarobaini. Akatoa kwenye mfuko wa koti daftari la shule lenye jalada lililovimba kwa maji. Akalifungua kwenye ukurasa wa usiku ule wa Februari. Kaandika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu, alivyonieleza, wino unakimbia ukiloa. Nainukuu kama ilivyo, kwa ruhusa yake:

"Saa 8 usiku. Maji mstari wa kwanza. Filimbi imepigwa. Saa 8 na nusu. Mstari wa pili. Wazee na watoto wamevuka kwenda shule, kaya 7. Saa 9 kasoro robo. Bibi wa nyumba ya mwisho amekataa kuacha mbuzi. Vijana wawili wamembeba, mbuzi pia. Saa 9. Mstari wa tatu. Hakuna mtu ng'ambo ya chini. Nimehesabu mara mbili."

Mistari anayoisema ni ya rangi nyekundu waliyopaka kwenye shina la mkuyu ulio ukingoni mwa korongo. Maji yakifika wa kwanza, watu wanaamshwa. Wa pili, wazee na watoto wanavuka. Wa tatu, kila mtu aondoke aache vyote. Kopo moja la rangi, kamba ndefu, tochi nne, filimbi mbili na viroba vya kujaza mchanga. Ndivyo vitu vilivyonunuliwa kwa zile fedha za mwaka jana, na rangi, kamba na viroba walivinunua mnadani kwa watu wasio na mashine ya risiti. Sheria yenyewe haimlazimishi mfanyabiashara mdogo kabisa kuwa na mashine ya EFD. Lakini fomu inamlazimisha mnunuzi aje na risiti ya EFD. Sasa mzee afanye nini, apande gari mpaka mjini kununua viroba kwa bei ya juu na nauli juu yake, ili karatasi iwe safi?

Nililishika lile daftari muda mrefu. Nimesoma ripoti nyingi za maafa maishani mwangu, zenye majalada ya rangi na majedwali, na sijapata kusoma ripoti bora kuliko ukurasa ule. Unajua maji yalipanda kwa kasi gani. Unajua nani aliamshwa lini. Unajua mpango ulifanya kazi, na unajua palipokwama: nyumba ya mwisho, bibi na mbuzi wake. Mwaka ujao kamati itaanza na nyumba hiyo.

Fomu ya ofisi ina kurasa kumi na moja. Inauliza idadi ya wanufaika, wanaume kwa wanawake. Inauliza mafunzo yalichukua siku ngapi na waliohudhuria wametia sahihi. Inauliza namba ya hati ya malipo. Hakuna mahali inapouliza maji yalifika saa ngapi na nani alikuwa macho. Mzee alijaribu kuliambatisha daftari, akaambiwa si nyaraka rasmi, halina muhuri.

Najua nitakachoambiwa, na nakubali kwa shingo upande: fedha zinaibwa. Nimeona kijiji kimelipia magunia mia mbili na ghalani hakuna hata kumi. Nimeona orodha ya mahudhurio ina majina ya marehemu. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hazitungwi hewani, na afisa anayesaini bila kiambatisho ndiye atakayejibu hoja ya ukaguzi, si mimi ninayeandika hapa. Yule kijana wa mezani analinda mkate wake. Simlaumu yeye.

Lakini nauliza kwa dhati: yale magunia mia mbili hewa, yalikamatwa na karatasi? Hayakukamatwa. Karatasi zake zilikuwa kamili, nukuu tatu, muhuri, picha. Anayejua kuiba anajua kujaza fomu kuliko mzee wa kijiji anayeandika kwa kalamu ya risasi. Waliokamata mchezo ule ni wanakijiji wenyewe, kwenye mkutano mkuu, mama mmoja alipoinuka akasema, "Tupelekeni ghalani tukayahesabu."

Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, na unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Vyombo tunavyo. Fedha za kamba na filimbi zisomwe pale, mbele ya watu ambao kamba hiyo itawavusha. Kila kitu kibebwe kiwekwe mezani kionekane. Mtendaji wa kata awepo, asaini pale pale, agonge muhuri wake pale pale kama ni lazima muhuri uwepo. Mkaguzi akitaka, aje aushike mkuyu kwa mkono wake.

Na tarehe zibadilike. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, hata kama mengine yote yatapuuzwa. Fedha za kujiandaa zifike kijijini kabla Septemba haijaisha, wakati korongo ni kavu na vijana wana nafasi ya kuchimba mitaro. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua zetu za msimu mwezi Oktoba. Ukitoka, vifaa viwe tayari mikononi. Kuanzia 1 Desemba mpaka mwisho wa Aprili asiitwe mwenyekiti yeyote mjini kwa ajili ya karatasi. Kama wilaya inataka taarifa, ipige simu. Marejesho yote yafanyike Mei, ardhi ikiwa imekauka na barabara zinapitika, na bado unabaki mwezi mzima kabla ya kufunga hesabu tarehe 30 Juni. Fomu iwe ukurasa mmoja kwa vijiji vilivyopewa kiasi kidogo, na swali la kwanza liwe: maji yalipokuja, nini kilitokea?

Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hayo. Anahitajika mtu mwenye kalamu ya kuidhinisha aitazame kalenda ya mvua kabla ya kuandika tarehe ya mwisho. Wapo, na baadhi yenu mnasoma hapa. Nawaomba. Tarehe 15 Februari huku kwetu ni katikati ya mvua. Mliiwekaje?

Kuhusu posho za semina za maafa zinazofanyika hotelini, nitaandika siku nyingine.

Jana usiku mzee alinipigia simu. Wamechangishana elfu mbili mbili kila kaya, wamepata kopo la rangi, maana mistari kwenye mkuyu imefifia na jua. Viroba vya mwaka jana vimeoza, watatafuta vingine mnadani. Filimbi moja imepotea. Akaniuliza kama ile niliyokuwa naitumia wakati wa utendaji wangu bado ninayo. Nimeitafuta, nimeikuta kwenye boksi la vyeti. Bado inalia. Jumamosi nampelekea.